Kifungu cha Nne cha Tangazo Langu

Jumapili, 4 Januari 2026

Daftari hili nimepewa na mama nilipokwenda Bukene kula Krismasi. Ni la shule, la mistari mipana, na juu ya jalada ameandika jina langu, Josepha, kwa mwandiko wake wa mtu aliyeachia masomo darasa la nne. Amesema niandike humu mambo ya kumshukuru Mungu, maana siku hizi nikipiga simu ni kulalamika tu. Nilimwambia mimi ni Afisa Afya wa Kata, kulalamika ndiyo kazi niliyoajiriwa. Hakucheka.

Basi naanza. Namshukuru Mungu kwa mfuko wa michembe niliorudi nao Tabora, viazi vikavu vya mama mwenyewe, na kwa kijana aliyeninyanyulia huo mfuko ndani ya treni bila kuniomba namba ya simu.

Jumatano, 7 Januari

Mvua. Nimekagua migahawa sita. Wawili wamenifokea, mmoja kanipa chai. Namshukuru wa chai.

Jumatatu, 12 Januari

Mvua tangu Ijumaa na mabomba yamekauka siku ya nne. Kisima kifupi cha nyuma ya gulio kimejaa mpaka mdomoni, na maji ya mfereji yanamwagikia humo huku nayaona kwa macho yangu. Nimekifunga kwa mnyororo na kufuli. Nilipopita saa kumi mnyororo haukuwepo, kufuli halikuwepo, na akina mama walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Nilianza kuwagombeza. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Bibi Afya, sasa tunywe nini?" Nikaendelea kugombeza.

Jumamosi, 17 Januari

Majibu ya maabara yametoka. Ni kipindupindu. Wagonjwa kumi na mmoja katika kata yetu, na mzee mmoja amefariki jana. Kambi ya matibabu imewekwa kwenye uwanja wa shule, mahema matatu.

Sina cha kushukuru leo. Mama anisamehe.

Jumatano, 21 Januari

Leo nimeandika Tangazo. Mtendaji wa Kata, Bwana Dionis, aliniita ofisini akasema anataka kitu kifupi, chenye mhuri, kisichobembeleza mtu. Dionis ni mtu wa suruali yenye mstari wa pasi hata wakati wa matope, na mkutano wowote lazima aseme "sheria ni moja kwa wote". Nilikaa kwenye kompyuta yake dakika ishirini nikamaliza. Kifungu cha kwanza, marufuku kuuza matunda yaliyokatwa na vyakula vya wazi. Cha pili, marufuku kula pamoja sinia moja kwenye shughuli yoyote. Cha tatu, kila mwenye mgonjwa wa kuhara na kutapika atoe taarifa ndani ya saa ishirini na nne, na atakayeficha atashtakiwa. Cha nne, maiti wote wa kipindupindu watazikwa na timu ya afya katika eneo litakalotengwa, ndugu hawataruhusiwa kushika.

Dionis alisoma mara mbili. Akasema, "Umeandika vizuri. Huyu ndiye afisa ninayemtaka." Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Namshukuru Mungu kwa kunipa kalamu.

Alhamisi, 22 Januari

Tumebandika nakala sitini, mimi na Recheli. Recheli ni mhudumu wetu wa afya ya jamii, mama wa Kimoravian mwenye miaka hamsini na tano, hana cheti kikubwa lakini hakuna nyumba asiyoijua ina mlango wa nyuma wapi. Mtaa wa maduka tulianza kwa Huzefa, muuza vifaa vya ujenzi, Mbohora, yaani Mwislamu wa dhehebu la Wahindi, katibu wa jumuiya yao. Alisoma tangazo lote, akaturuhusu tulibandike kwenye mlango wake wa kioo, kisha akatupa ndoo kumi zenye koki za kunawia mikono. Nilimuuliza bei. Akasema, "Bei ni msiniwekee foleni ya watu wa kuandika majina mbele ya duka."

Tulipotoka Recheli alisema, "Dada, hiki kifungu cha nne hukukiandika kwa haraka?" Nikamuuliza kina nini. Akasema, "Hakina kitu. Nimeuliza tu." Recheli ndivyo alivyo, anakupa swali anaondoka nalo.

Jumatano, 28 Januari

Wagonjwa ishirini na tatu. Mtaa wa maduka, sifuri.

Jumatatu, 2 Februari

Thelathini na moja. Amefariki mama mmoja wa upande wa reli. Tulimzika sisi, watu wanne tuliovaa mabuti, na watoto wake wamesimama ng'ambo ya barabara. Mkubwa wao alikuwa ameshika kanga ya mama yake ameikunja vizuri. Alitaka tumfunike nayo, nikamwambia haiwezekani. Kazi imefanyika kwa mujibu wa kifungu.

Mtaa wa maduka, sifuri.

Ijumaa, 6 Februari

Mtaa wa maduka, sifuri tena. Nimemwambia Dionis, wale wanachemsha maji, wana elimu, tuwatolee mfano. Dionis akasema Wahindi siku zote ni watu wa nidhamu. Tumekubaliana kabisa, watu wawili tusiowahi kuingia hata sebule moja ya mtaa ule.

Jumatano, 11 Februari

Nilipita kwa Huzefa kununua msumari wa mlango wangu. Nikamsifia ile sifuri yao. Alikuwa anapima waya, hakuinua uso. "Bibi Afya," akasema, "sifuri yako nzuri mno. Ingekuwa mzigo wa kwangu, ningeufungua nikaangalia ndani." Nilifikiri ananitania. Nimekula michembe na karanga usiku huu, namshukuru mama.

Jumapili, 15 Februari

Naandika haya jioni, mikono bado inanuka klorini. Nataka niyaandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Nilitoka misa ya pili nikamkuta Recheli amenisubiri kwenye ngazi za kanisa, na yeye ana kanisa lake, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Akasema, "Nyumba ya Gangaben wamefua mashuka manane tangu asubuhi, wameyaanika ndani ya veranda, na mvua hii. Na mkwe wake ametuma kununua dawa ya madoa mara mbili." Gangaben ni bibi wa Kihindu wa miaka sabini na minane. Duka lao la viungo na nafaka lipo mkabala na la Huzefa, na watu wazima wote wa mji huu walinunua ubuyu kwake walipokuwa wadogo. Tulikwenda na nguo zetu za kanisani.

Mkwe wake, Bansari, alifungua mlango kidogo akasema mama amepumzika, leo ni siku yao kuu ya mungu wao Shiva, amefunga. Nilimwambia nitarudi na mgambo. Ndivyo nilivyosema, nayaandika kama yalivyo. Alinitazama, akaanza kulia bila sauti, akafungua.

Bibi alikuwa chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha kamba, beseni chini. Macho yameingia ndani. Nilimbana ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Juu ya meza palikuwa na pakiti nne za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, hazijafunguliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akasema marahaba kwa sauti iliyokauka. Nikaanza hotuba yangu, ile ninayoitoa kila mahali, kwamba maji yanatoka mwilini, kwamba saa chache tu zinatosha kuua, kwamba kuna kambi na dripu na wauguzi. Aliisikiliza yote akiwa amefumba macho. Kisha akauliza:

"Huko kambini nikifa, mtanifanya nini?"

"Hutakufa, bibi."

"Sikukuuliza hivyo. Nimeuliza nikifa."

Akaendelea, anapumzika kila baada ya maneno machache. "Tangazo lako lipo kwenye kioo cha Huzefa. Nilivuka barabara kwa miguu yangu, nikalisoma kwa miwani yangu. Maiti wote watazikwa na timu ya afya. Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Mume wangu tulimchoma. Mwanangu wa kwanza tulimchoma, hapa hapa Tabora, majivu yake nilibeba mapajani mpaka Kigoma tukayatia ziwani. Mimi unataka unifukie kwenye shimo na watu wenye mabuti. Nitakaa hapa hapa. Nikifa usiku Bansari anajua la kufanya, mtakuja asubuhi mtakuta nimekwisha."

Miaka kumi nimefanya kazi hii. Nimesoma chuo, nimekaa semina za hoteli, nimejaza fomu zenye kisanduku cha dini. Na nilipokaa kwenye kompyuta ya Dionis kuandika neno "watazikwa", haikunipitia hata mara moja kwamba katika mji niliokaa muda wote huu kuna watu ambao kwao kuzikwa ni kutupwa. Nilizaliwa Bukene, mtu akifa anazikwa, basi. Nilimwonea haya yule bibi. Na nikaelewa ile sifuri ilikuwa imejaa nini.

Bansari alisema yote. Nyumba yao wameugua watatu tangu mwisho wa Januari. Nyumba ya pili wawili. Mabohora pia wanao, wamewaficha, kwa sababu kwao maiti haondoki duniani bila kuoshwa na watu wake, na kifungu kimesema ndugu wasishike. Mungu amewanusuru hao wote. Sasa zamu ya bibi.

Nilikuwa na nakala ya tangazo kwenye mkoba. Niliitoa, nikaiweka juu ya zile pakiti za ORS, nikakata kifungu cha nne kwa kalamu, mstari mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pembeni nikaandika: "Kimefutwa. Marehemu atasitiriwa kwa desturi ya dini yake chini ya uangalizi wa afya." Nikatia sahihi na tarehe. Sina mamlaka hayo. Recheli alikuwa nyuma yangu, nikasikia anasema taratibu, "Haya, Yesu."

Bibi akaomba miwani. Akasoma. Akaniangalia, akasoma tena. Halafu akasema, "Vizuri. Sasa hiyo dawa yako siwezi kunywa."

Nilitaka kupiga kelele. Bansari akaeleza: siku ya mfungo huu hawagusi chumvi ya kawaida, na ORS ni sukari na chumvi, imeandikwa kwenye pakiti. Mama hajawahi kuvunja mfungo huu tangu aolewe. Nikasema, bibi, Mungu gani atakukasirikia. Akasema, "Wangu hakasiriki. Mimi ndiye nitakasirika." Ilikuwa saa nane na nusu. Nilimbana tena ngozi, ikachelewa zaidi.

Ni Recheli aliyeuliza, kwa sababu Recheli huuliza mambo ya jikoni. "Mama, siku mkifunga, viazi vyenu mnakula vitupu?" Bansari akasema hapana, wanatia chumvi ya mawe, ile inayochimbwa ardhini, hiyo inaruhusiwa. Tukatazamana. Bansari akaingia jikoni akatoka na kopo la mawe ya rangi ya waridi. Ni chumvi. Chumvi ni chumvi, ikitoka baharini au mlimani, utumbo hauulizi. Tukaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa unga. Lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha ile chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, vipimo nilivyofundishwa mwaka wa kwanza na sikuwahi kuvihitaji kwa sababu pakiti zipo. Nilionja kwanza mimi. Bansari akaonja. Kisha kijiko kwa kijiko, bibi akanywa.

Alitapika mara moja. Tukaanza upya. Saa kumi alikuwa amemaliza nusu lita na akakubali kwenda kambini. Dripu hana ugomvi nayo, alisema sindano si chakula. Gari la kambi lilikuwa limekwenda kata nyingine. Nilivuka barabara kwa Huzefa, sikumaliza sentensi. Aliteremsha mifuko ya saruji kwenye pikapu yake, akatandaza godoro, akafunga turubai juu, akaendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Bibi amelala kambini sasa, dripu ya tatu. Bansari yupo naye na chupa ya lita moja ya maji yetu.

Namshukuru Mungu kwa mashuka manane. Namshukuru kwa Recheli, ambaye sijawahi kumshukuru.

Jumatatu, 16 Februari

Bibi amepata mkojo saa moja asubuhi, maana yake maji yamerudi mwilini. Wauguzi walinipigia kunieleza habari hiyo na nikaruka barabarani, mwanamke mzima. Amefungua mfungo wake kwa uji. Amelalamika uji hauna ladha.

Jumanne, 17 Februari

Nilikwenda kwa Huzefa kumwambia Ramadhani inakaribia, nataka nikae na wazee wao kabla ya Alhamisi tuzungumze habari ya wagonjwa na mfungo. Akasema, "Bibi Afya, sisi leo tumefunga. Kalenda yetu ina hesabu yake, wale wenzetu wa msikiti mkubwa ndio wanasubiri mwezi." Nikakaa kwenye mfuko wa saruji. Shiva Jumapili, Mabohora leo, Majivu yetu kesho, Waislamu wengine Alhamisi. Wiki moja mji mzima utakuwa umefunga, kila mtu kwa namna yake, na mimi nilikuwa nimewaandikia karatasi moja.

Nilimwomba radhi. Akasema wana wagonjwa wanne ndani, na kama nitakuja bila mgambo atanipeleka mwenyewe. Nimekwenda. Wote wanne wapo kambini jioni hii. Mmoja ni mama yake.

Jumatano, 18 Februari, Majivu

Nimepakwa majivu. Nimefunga. Wagonjwa wapya kumi na wanne kutoka mtaa wa maduka.

Alhamisi, 19 Februari

Barua ya kujieleza. Dionis ameipata ile nakala, sijui kwa nani. "Kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kubadili tangazo la Serikali bila idhini." Siku saba za kujibu. Kamati ya Afya ya Kata itakaa tarehe ishirini na saba na mimi ni ajenda namba mbili.

Nimempigia mama. Kasema, "Umefanya kosa?" Nimesema nimefanya mawili, la kwanza kuandika na la pili kufuta. Kasema basi jibu la kwanza vizuri.

Jumanne, 24 Februari

Mvua ya mawe. Bibi Gangaben karudi nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta. Mama yake Huzefa bado, lakini anakula.

Ijumaa, 27 Februari

Kamati ilikaa saa nne asubuhi. Wajumbe tisa, nikiwemo mimi, Recheli na daktari wa kambi, hakuna hata mmoja wa mtaa wa maduka, na hilo sikuwahi kuliona mpaka leo nilipohesabu viti.

Nilisoma maelezo yangu kwa kusimama. Nilisema kifungu nilikiandika mimi kwa dakika ishirini bila kumuuliza mtu. Nilisema wagonjwa kumi na wanne na zaidi walifichwa kwa sababu yake, na kama mmoja wao angekufa, angekuwa amekufa kwa mkono wangu. Nilisema kukifuta bila idhini ni kosa la utaratibu na nipo tayari kwa adhabu, lakini ile siku ningerudia.

Dionis alikuwa na namba. Kabla ya kufutwa, mtaa wa maduka sifuri. Baada ya wiki moja, ishirini na wawili. "Wajumbe mnaona wenyewe," akasema. "Tumelegeza, ugonjwa umepanda. Na kesho kila dhehebu litakuja na desturi yake. Sheria ni moja kwa wote."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Gangaben na fimbo, Huzefa anamshika kiwiko upande mmoja na Bansari mwingine. Hawakualikwa. Wajumbe walisimama wote, maana hakuna mtu pale ambaye hakuwahi kununua ubuyu kwake. Akapewa kiti cha Dionis.

"Mtendaji," akasema, "hao ishirini na wawili walikuwepo. Mimi ni mmoja. Nilikuwepo ndani, mlikuwa hamnihesabu." Akapumzika. "Mimi sikuja kuomba sheria yangu peke yangu. Nataka kuuliza tu. Nani hapa amewahi kufika pale tunapochomea watu wetu?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mjukuu wa nani anajua pako wapi?"

Daktari wa kambi akasema moto unaua vijidudu vyote, kitaalamu ni salama kuliko kaburi, kinachohitajika ni maiti apuliziwe klorini na afungwe kabla ya safari. Huzefa akasema na wao, mtu wao akioshwa na wawili waliovaa glavu na mabuti, mbele ya afisa, kwa maji yenye klorini, imewatosha. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wangetuambia Januari, kama tungeuliza.

Nilimwangalia Dionis nikisubiri ile sentensi yake. Alikuwa anachora duara kwenye karatasi. Kisha akasema, si kwa sauti ya mkutano, kwamba kaka yake alizikwa na timu mwaka ule wa maradhi ya kupumua. Wao walisimama mbali, kwenye mihogo ya watu. Mpaka leo mama yake anauliza kama walimlaza upande wa kulia, ilivyo desturi ya kwao. "Sikujua la kumjibu," akasema. "Nikajiambia sheria ni moja kwa wote." Akakohoa, akaomba kifungu kiandikwe upya.

Nimemfanyia kazi miaka mitatu yule bwana na nilidhani nimemaliza kumjua.

Tuliandika pale pale, watu kumi na wawili juu ya meza moja. Marehemu atazikwa au atachomwa kwa desturi ya dini yake. Ndugu wawili watashiriki wakiwa na vifaa vya kinga. Afisa wa afya atakuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Recheli akaongeza kwamba nguo moja ya marehemu iruhusiwe kuingia naye ikishatiwa dawa. Nilijua anamfikiria nani. Bansari na Huzefa wameingizwa kwenye kamati. Mimi nimepewa onyo la maandishi, litakaa kwenye faili langu. Nimelisaini kwa furaha kuliko nilivyosaini mshahara wangu wa kwanza.

Alhamisi, 5 Machi

Ilinibidi niende upande wa reli, kwa wale watoto wa yule mama. Sikuwa na cha kuwaeleza ila samahani. Mkubwa wao alinisikiliza mlangoni. Kanga bado anayo. Hakunikaribisha ndani, na ana haki. Aliniuliza tu mahali tulipomzika hasa, safu ya ngapi. Nikampeleka. Kesho watapanda maua.

Ijumaa, 13 Machi

Wapya watatu tu, kata nzima. Kisima cha gulio kimejengewa ukuta na mfuniko. Bomba limetoa maji siku sita mfululizo. Uyoga umejaa njia ya Sikonge, nimenunua fungu.

Ijumaa, 20 Machi

Huzefa ameleta bakuli la biriani, la Idi yao ya jana, na la peke yangu, si la sinia. Amesema kifungu cha pili bado kipo, yeye ni mtu wa sheria. Mama yake amesalimia. Nimekula lote.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Siku ishirini na moja bila mgonjwa mpya. Kambi imevunjwa jana. Kengele zimepigwa muda mrefu na nimelia kanisani kama mtoto, kwa ajili ya watano waliokufa na kwa ajili ya wote waliobaki. Asante, Bwana. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua zinakatika. Leo bibi Gangaben alituma niitwe, si nyumbani, dukani. Nilimkuta amekaa nyuma ya mizani, amenenepa kidogo, anamgombeza Bansari kuhusu dengu. Nikamwamkia, nikapewa kiti.

Akatoa nakala ya tangazo jipya. Alikuwa ameikunja mara nne. Akaweka kidole kwenye ile sehemu ya afisa wa afya atakayekuwepo mwanzo hadi mwisho.

"Hapa hapana jina," akasema.

"Haliwekwi jina, bibi. Ni afisa yeyote atakayekuwa zamu. Na hiyo ni kwa kipindupindu, kimekwisha."

"Mimi simtaki yeyote. Na siyo habari ya kipindupindu. Siku yangu ikifika, kwa ugonjwa wowote, nataka uje wewe. Usimame pale mpaka moto uzimike. Mwanangu yupo, na mkwe yupo, na watu wetu ni wachache, wengi wamehamia Dar na nje huko. Nataka na mtu wa hapa awepo, mtu anayejua kwa nini amekuja."

Bansari alikuwa ameacha kupima dengu.

"Naweza kuhamishwa, bibi," nikasema. "Wanasema Julai napelekwa Ipole, mbele ya Sikonge."

"Ipole kuna pikipiki."

Akanipa kalamu. Mimi niliyetishia mlangoni kwake kuleta mgambo, leo ananikabidhi siku yake ya mwisho kwa hiari yake, juu ya kaunta, katikati ya magunia ya mchele. Nimeandika jina langu kamili na namba zangu mbili za simu. Akaniambia niandike kwa herufi kubwa, Bansari akiwa na haraka hasomi vizuri. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Aliikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba wa kitambulisho chake cha taifa.

Nikamwambia, bibi, mimi sina haraka na siku hiyo. Akasema hata yeye hana, akaita chai.